Bia ya Kiingereza imewagawa watu: kabla ya kuamini neno la mtu, muulize aliinywaje

Kwenye grosari yangu hapa Dodoma nimesikia bia moja ikiitwa "imekufa", "dawa ya kikohozi", "kali kuliko zote nilizowahi kunywa" na "hii ndiyo bia yenyewe sasa". Chupa zote zilitoka kwenye mzigo mmoja. Ni eli, aina ya bia inayochachuliwa kwenye joto la kawaida, ya mtindo wa Kiingereza, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Kiwanda kidogo kiliipika mara moja tu na kutangaza kwamba ikiisha, imeisha. Watu wananiuliza kila siku: ninunue, nisinunue? Nani anasema kweli?

Wengi wanasema kweli, ila hawakunywa kitu kimoja, hata kama lebo ilikuwa moja. Ndiyo maana siku hizi mtu akinipa maoni yake juu ya bia hii namuuliza kwanza ilikuwa ya baridi kiasi gani, aliinywa kwa glasi au kwa chupa, na kabla yake alikuwa anakunywa nini. Majibu ya hapo yananisaidia kuliko neno "nzuri" au "mbaya".

Nianze na ubaridi, maana ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Mhudumu wa baa yoyote nchini, ukishamtajia bia yako, swali linalofuata ni moja: ya moto au ya baridi? Ya baridi imelala kwenye friji mpaka chupa inatoa jasho. Ya moto inatoka kwenye kreti. Eli ya Kiingereza haimo kwenye majibu hayo mawili. Huko kwao inatunzwa kwenye chumba kilicho chini ya baa na kumiminwa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13 hivi. Friji zetu ziko kwenye nyuzi 3 au 4, na kreti ya Dodoma alasiri ya Oktoba inakaribia 30. Fundi magari mmoja aliyeinywa ikiwa ya baridi kabisa aliniambia haina ladha, ni uchungu mtupu. Sikumbishia, kwa sababu ubaridi mkali hufunga harufu na utamu wa kimea, na kinachobaki mdomoni ni uchungu. Jirani yake aliyeagiza ya kreti alisema inanuka kileo na inachosha haraka. Naye hakukosea.

Kwa hiyo ukiipata, itoe kwenye friji na uiache mezani nusu saa hivi kabla ya kuifungua. Oktoba na Novemba punguza muda, maana jua letu halina subira. Juni na Julai, upepo wa usiku ukishaanza kuuma, huhitaji friji kabisa: izungushie chupa kitambaa kibichi, iweke dirishani panapopita upepo, asubuhi ihamishie kwenye kona yenye giza. Hewa yetu kavu inakausha kitambaa upesi na kuipoza chupa vizuri, na jioni utaikuta bado inafaa.

La pili ni gesi. "Imekufa" ndilo neno nililolisikia zaidi, na wanaolitumia ni watu waliozoea laga, bia ya kawaida ya baa zetu, ambayo ukiifungua inapumua na povu linapanda mpaka shingoni. Eli ya Kiingereza ya asili ina gesi karibu nusu ya ile ya laga. Inapomiminwa inatulia, povu lake ni jembamba, na inateremka bila kukwaruza koo. Mwaka 1971 wanywaji wa Uingereza walianzisha chama, CAMRA, hasa kwa ajili ya kuitetea bia ya namna hiyo, inayoendelea kuiva ndani ya pipa lake mpaka inapofika kwenye glasi, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vinaiondoa na kuleta bia iliyochujwa na kujazwa gesi. Utulivu huo watu waliupigania. Ukiunywa ukisubiri mlipuko wa laga, lazima utasema bia imekufa.

Nilijifunza mengi kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwenyeji wa Bahi. Nilimmiminia glasi bila kumwambia ni nini. Akainusa, akanywa, akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, hii haina haraka," akasema. "Inanyweka kama ujimbi." Niliielewa hoja yake mara moja. Ujimbi wa Wagogo, ule wa mtama au uwele, unanywewa kwa joto la siku, gesi yake ni ndogo, una sira chini, na hamira yake inafanya kazi kwenye joto la kawaida. Hamira ya eli nayo hufanya kazi kwenye nyuzi 15 hadi 22 hivi, tofauti na ya laga inayotaka ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13 na kisha kulazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Mtu aliyekulia kwenye kibuyu hashtushwi na bia iliyotulia. Kilichomshinda mwalimu ni uchungu. Ujimbi una uchachu, hauna uchungu, na glasi ilipofika nusu akaisukuma mbele yangu kwa heshima zote. "Hapa wameniacha, mama."

Maoni ya namna hiyo nayathamini sana. Ameniambia kilichompendeza na kilichomshinda, na mtu wa tatu akimsikiliza anaweza kujipima mwenyewe: kama uchungu haukusumbui, basi bia hii huenda ni yako.

Vijana nao walikuwa na lao. Kuna kikundi cha watumishi kutoka Mtumba, wengi wamesafiri, wameshakunywa bia za viwanda vidogo Nairobi na Johannesburg. Walifika wakisubiri harufu ya embe, balungi na chungwa. Hawakuipata, wakasema mpishi amebania hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Hakubania chochote. Harufu ya matunda wanayoijua inatoka kwenye hopsi za Kimarekani, kama Cascade na Citra. Bia ya Kiingereza inapikwa kwa hopsi kama Fuggle na East Kent Goldings, na hizo zinanukia majani makavu, udongo ulionyeshewa, chai, na asali kwa mbali. Kimea nacho kinapewa nafasi kubwa. Shayiri inayosifiwa zaidi huko ni Maris Otter, iliyoanza kulimwa miaka ya 1960, na ladha yake watu huifananisha na biskuti. Ukijua hivyo kabla ya kunywa, unaitafuta biskuti, na unaiona. Dada mmoja wa kikundi kile aliiomba tena baada ya maelezo hayo. Wenzake watatu walirudi kwenye laga zao, na hilo halikunisumbua. Mtu anaweza kuielewa bia vizuri kabisa na bado asiipende.

Kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe sijakubaliana na wanaoisifia. Chupa hizi zina harufu ya siagi, ile ya tofi. Kiasi kidogo kinakubalika kwenye eli za Kiingereza, kwa sababu hamira yenyewe huzalisha harufu hiyo wakati wa kuchachua na baadaye huifyonza tena ikipewa muda. Kwenye mzigo huu naona imezidi. Glasi ya kwanza inapendeza, ya pili siagi inakaa kwenye ulimi na kufunika hopsi. Nadhani mpishi angeiacha hamira siku chache zaidi kabla ya kuipoza. Wapo wateja wanaoipenda bia hii kwa sababu ya siagi hiyo hiyo, na sitawavunja moyo, ila ukiniuliza kama nitanunua kreti nzima, jibu langu ni chupa mbili.

Jifunze pia kutofautisha bia usiyoipenda na bia iliyoharibika. Uchungu, gesi ndogo, rangi nzito na sira chini ya chupa si uharibifu. Vimewekwa kwa makusudi. Lakini ukisikia harufu ya boksi lililolowa, hewa imeingia na bia imezeeka. Ukisikia harufu mbaya kama ya mnyama anayejihami, chupa imekaa juani, maana mwanga huharibu hopsi, na chupa ya kijani au isiyo na rangi haiwezi kuuzuia kama ile ya kahawia. Uchachu wa siki kwenye bia ambayo haikutakiwa kuwa na uchachu ni vijidudu. Moja ya hayo matatu likitokea, rudisha chupa dukani bila aibu, na usimwache mtu akuambie eti ndiyo mtindo wa Kiingereza.

Namna ya kumimina nayo imewagombanisha wengi. Kwenye chupa hizi hamira imeachwa ndani, inalala chini kama vumbi jeupe. Simamisha chupa tangu jana yake. Imimine mara moja, taratibu, glasi ikiwa imeinama, na ubakize kidole kimoja cha bia chini. Mteja mmoja aliigeuza chupa juu chini "ili ichanganyike" kama juisi ya boksi, akapata glasi yenye ukungu na ladha ya unga wa mkate. Alisema bia mbovu. Mwenzake, wa chupa ya pili kutoka kreti lile lile, alikuwa na glasi inayoangaza mpaka unaona taa upande wa pili.

Najua wengi hapa, hasa kina dada, wanapenda kunywa moja kwa moja kwenye chupa kwa kuogopa kuwekewa kitu. Hofu hiyo ina msingi na siwezi kuipuuza. Agiza chupa ifunguliwe mbele yako, imimine mwenyewe, glasi isitoke mkononi. Kwenye mdomo wa chupa pua haipati kitu, na nusu ya bia hii iko puani. Wenye baa wenzangu, glasi iliyooshwa kwa sabuni nyingi isiposuuzwa vizuri inaua povu, na kitambaa kilichofuta sahani za chipsi kinaliua zaidi. Suuza kwa maji safi, pindua, acha ikauke yenyewe.

Kuhusu chakula, onja kwanza kabla ya kachumbari yenye pilipili, kwa sababu pilipili huongeza makali ya uchungu na kileo. Baada ya hapo nyama choma ya mbuzi yenye chumvi tu inakaa nayo vizuri sana, hasa ule upande uliobabuka. Kuku wa kienyeji pia. Ila usianze na bia tatu za laga ya baridi ndipo uionje. Ulimi utakuwa umeshakufa ganzi.

Halafu kuna bei. Chupa moja inauzwa karibu mara tatu ya laga ya kawaida, na haishangazi: hopsi hazilimwi kwetu kwa sababu mmea wake unahitaji mchana mrefu wa kiangazi cha nchi zilizo mbali na ikweta, kwa hiyo zote zinaagizwa. Shayiri tunayo nyanda za kaskazini, Monduli na Kilimanjaro Magharibi, lakini ukitaka kimea cha Kiingereza nacho unakileta kwa meli. Bei kubwa inaharibu maoni kwa pande zote mbili. Aliyelipa pesa nyingi anataka kujihakikishia kwamba hakupoteza, anasifia kupita kiasi. Mwingine anajiona kaibiwa, anatukana hata kilicho kizuri. Na neno "ikiisha imeisha" linawafanya watu wanunue kwa pupa. Changeni watu watatu, mnunue chupa moja, mgawane. Kila mtu atapata ya kutosha kujua kama anaitaka.

Mkiwa mezani, msiruhusu mtu wa kwanza kutoa hukumu kabla wengine hawajafika nusu ya glasi. Nimeliona hili mara nyingi. Mzee anayeheshimika au kijana anayelipa bili akisema "hii hamna kitu", meza nzima inaitikia, hata yule aliyekuwa anatabasamu. Siku niliyowaomba wateja wanyamaze kwanza, kisha kila mmoja aseme anasikia nini, si anaipenda au haipendi, nilisikia biskuti, chai, siagi, majani, sukari guru. Mabishano yaliyofuata yalikuwa matamu kuliko bia yenyewe. Kijana wa bodaboda ambaye huwa hasemi sana ndiye aliyetaja sukari guru, na mpaka leo siwezi kuinywa bila kuisikia.

Kama uko Dodoma na bado unaitafuta, angalia tarehe iliyoandikwa kwenye chupa kabla ya kutoa hela. Eli nyepesi ya namna hii haitunzwi kama mvinyo mwekundu wa Makutupora. Miezi ya mwanzo ndiyo yake, na joto letu linaizeesha upesi. Ukiikuta imepangwa dirishani ili lebo ionekane kutoka barabarani, iache hapo hapo. Muulize muuzaji kama ana nyingine ndani, kwenye boksi.