Mbio unazo, breki je?

Swali: Wahariri, shikamooni. Nina miaka 19, nipo kidato cha sita hapa Mwanza, na mita 100 nakimbia kwa sekunde 11. Wenzangu wanasema nafaa kuwa mpokeaji wa pembeni kwenye futiboli ya Marekani, yule anayechomoka kwenda kudaka mpira wa kwotabeki, mrushaji wa timu. Naweza kufika NFL, ligi kuu ya mchezo huo? Na mbona kila nikirushiwa mpira unanitoka?
*Mkimbiaji, Bwiru*

Jibu: Marahaba. Tuanze na mpira, maana NFL iko mbali na mikono unayo hapo hapo.

Mpira ule una ncha mbili, uzito wake ni kama gramu 400 na kitu, na unakuja ukizunguka kama keekee. Ukiupokea kwa kifua utadunda. Ukija juu ya kifua, gusanisha vidole gumba. Ukija chini ya kiuno, geuza mikono, vidole vya mwisho ndivyo viguse. Daka kwa vidole: ukisikia "pwaa!" ujue kiganja kimetangulia. Kosa la pili ni la macho. Wengi hugeuka kumtafuta beki wakati mpira bado uko hewani. Ufuate mpaka uingie kwapani, ncha ya mbele ukiifunika kwa vidole. Daka mara 100 kwa siku, asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaanza kuvuma na mpira unayumba. Mpira wa raga unafaa kwa kuanzia, ila ni mnene zaidi.

Sasa mbio. Kipimo cha NFL ni yadi 40, yaani mita 36.58, na rekodi ni sekunde 4.21 ya Xavier Worthy, mwaka 2024. Ila mkimbiaji wa mita 100 amefundishwa kuupita mstari, hakufundishwa kusimama. Mpokeaji hukimbia mita kumi kisha hukata kona ghafla, na beki anamsoma kifuani: ukiinuka kabla ya kukata, umeshamwambia unakokwenda. Simama kwa hatua tatu badala ya saba, nyonga chini, kifua juu ya magoti, mikono ikiendelea kupiga mbio. Panga ndoo tatu kwenye mstari mmoja, mita 4.5 kati ya moja na nyingine. Anzia ya katikati, kaguse chini kwenye ya kulia, vuka mpaka ya kushoto, rudi uipite ya katikati. Mara sita, ukipumzika dakika mbili kila mara. Usifanyie kwenye mchanga wa ufukweni, maana mchanga hukimbia chini ya mguu.

Njia ya NFL ya kawaida ni chuo cha Marekani, kisha drafti, yaani klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, ya raundi 7. Sharti iwe imepita miaka mitatu tangu umalize sekondari. Nyingine ni programu yao ya wachezaji wa kimataifa, iliyoanza 2017. Kambi zao zimeshafika Ghana (2022) na Kenya (2023), na Nairobi unafika kwa basi kupitia Sirari. Ila tukuambie ukweli: waliopenya kwa njia hiyo wengi ni watu wa miili mikubwa, kama Jordan Mailata wa Australia, aliyetoka raga. Wapokeaji wenye mbio Marekani wamejaa tele. Sisi tungekushauri uitazame pia futiboli ya bendera, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028: watu watano kila upande, hakuna kuangushana ila kuchomoa kitambaa cha kiunoni, hakuna kununua helmeti.

Swali: Mwanangu anautaka mchezo huo. Akiumia?
*Mama wa Igoma*

Jibu: Mama, goti na misuli ya nyuma ya paja ndiyo huwasumbua sana wapokeaji. Helmeti hulinda fuvu, lakini ubongo bado hutikisika ndani. Akipigwa kichwa akaona kizunguzungu au akasahau matokeo, siku hiyo harudi uwanjani hata akisema yuko sawa. Apelekwe kwa daktari. Na pesa za NFL zinazosifiwa zisikukoshe usingizi: aliyepita drafti husaini miaka minne, lakini klabu inaweza kumwacha kabla miaka hiyo haijaisha, na pensheni hudai misimu mitatu. Cheti cha kidato cha sita kwanza akichukue.