Tani 78 au tani 23? Uzito wa dinosaria wa Tendaguru

Swali: Nafundisha baiolojia sekondari hapa Ujiji. Kitabu kimoja kinasema dinosaria mkubwa wa Tendaguru, kule Lindi, alikuwa na tani 78. Kingine kinasema 23. Mifupa ni ile ile, sasa wanafunzi wangu wamwamini nani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza jambo la msingi kabisa. Makadirio yote mawili yanamhusu Giraffatitan, ambaye kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Wajerumani walichimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na kiunzi hicho kimeungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja.

Mwaka 1962 mtafiti wa dinosaria Edwin Colbert alipima ujazo wa sanamu ndogo ya mnyama huyo, akapata tani 78. Sanamu ilikuwa nene mno. Mwaka 2009 mtafiti mwingine, Michael Taylor, alitumia umbo jembamba zaidi, akapata 23. Ugomvi wote uko kwenye nyama, ambayo ilioza zamani, na kwenye mifuko ya hewa iliyopunguza uzito wa mwili. Hesabu nayo haina huruma: urefu ukiongezeka kwa asilimia 13 na umbo likibaki lile lile, uzito hupanda kwa asilimia 44, maana mwili hukua kwa urefu, upana na kimo, yaani 1.13 × 1.13 × 1.13. Nasema 13 kwa sababu Tendaguru kulipatikana mfupa mwembamba wa chini ya goti unaozidi urefu wa ule wa kiunzi cha Berlin kwa kiasi hicho hicho.

Penye kipande kimoja tu, hata urefu hauaminiki. Ukiokota pingili moja ya uti wa mgongo wa samaki pale Kibirizi, utakadiria urefu gani kabla hujajua kama ni ya mgebuka au ya kuhe? Ndivyo ilivyokuwa kwa pingili ya dinosaria wa Colorado, Marekani, aliyoieleza mtafiti Edward Cope mwaka 1878, ambayo baadaye ilipotea. Mwaka 2006 mtafiti Kenneth Carpenter alikadiria kwamba mnyama mwenye pingili hiyo alikuwa na urefu wa mita 58. Mwaka 2018, alipomhamishia ukoo mwingine wa dinosaria, Carpenter huyo huyo alishusha hadi mita 30 na kidogo. Namheshimu sana kwa hilo.

Ubaoni andika tani 23 hadi 40 kwa huyu wetu wa Tendaguru. Ile 78 waoneshe pia, pamoja na mwaka wake na njia iliyotumika kuipata.