Ukienda kupanda treni ya zamani, anza kwa kutazama mataruma

Nimekulia kota za reli, Tabora. Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa gengi, yaani kikundi cha kutunza njia ya reli, na kipande chao kilikuwa upande wa Malongwe. Ndiyo maana watu wanaotaka kusafiri kwa reli ya kati ya zamani huniuliza wakate daraja gani. Nitalisema hilo, lakini kwanza ukifika stesheni mwombe mkuu wa stesheni ruhusa, usimame pembeni ya njia, utazame chini.

Taruma ni lile pande linalolazwa chini ya reli kuzibeba, na la chuma lina umbo la mtumbwi uliopinduliwa. Mgongo uko juu, kingo zimezama kwenye kokoto, na kingo hizo ndizo zinazoizuia njia isisogee treni inapokata kona. Wajerumani walipoanza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 walitumia chuma, maana mti huku kwetu ni chakula cha mchwa. Walifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli zenyewe zimeachana mita moja tu, wakati reli mpya ya SGR ina milimita 1,435 na mataruma yake ni ya zege. Tazama pia ubavu wa reli, chini ya kichwa kinachokanyagwa na magurudumu. Mara nyingi utakuta herufi zilizonyanyuka: jina la kiwanda na mwaka. Piga picha hapo. Picha za vichwa vya treni kila mtu anazo.

Baba mdogo alikuwa akipita na nyundo, anagonga taruma moja moja. Likilia kwa sauti kavu, limekaa. Likijibu kwa sauti ya debe, chini kuna uwazi. Ananiambia, "Hili lina njaa, mwanangu," kisha vijana wanakuja na sururu kulishindilia kokoto. Mpaka leo nikiwa kwenye behewa nikisikia mlio wa chini umebadilika, najua tumepita mahali penye njaa.

Sasa jambo linaloniuma. Nilipojenga, nilinunua mataruma mawili kwa muuza vyuma chakavu, nikayalaza juu ya mtaro mbele ya geti yawe daraja. Ni imara, bei nzuri, na sikuuliza yametoka wapi. Baba mdogo alipokuja kunitembelea alifika kwenye mtaro akasimama. Hakuvuka.

"Mwanangu, haya yametoka njia gani?"

"Sijui, baba."

"Na treni iliyokuwa ipite juu yake?"

Wiki ile ile niliyapeleka kwa watu wa reli, nikaweka zege. Kwa hiyo ushauri wangu wa pili hauna mjadala: usinunue taruma, wala boliti yake, wala kipande cha reli cha kufulia visu, kama muuzaji hana karatasi. Na usitegemee sheria ikufanyie kazi hiyo peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Reli yetu ya kwanza, ile ya Tanga, ilianza kujengwa 1893, miaka 30 nje ya mstari huo. Bila tamko la Waziri, behewa la mbao la enzi za mkoloni linaweza kukatwa kwa gesi mchana kweupe.

Safari yenyewe: kata tiketi ya behewa la kulala. Daraja la pili mnakuwa sita chumbani, wanaume kwao na wanawake kwao, na ndiko kwenye mazungumzo. Ukielekea magharibi, ukifika Saranda usilale. Hapo treni inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni. Inapunguza mwendo, na kwenye kona unaona mabehewa yako mwenyewe yakikufuata. Ukifika Kigoma, kumbuka kwamba meli ya Liemba ilipita njia hii hii ikiwa vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa na kushushwa Ziwa Tanganyika 1915.

Na kama nyumbani una mzee wa reli, dereva, fundi wa karakana au mtu wa gengi, mrekodi mwezi huu. Usimwulize "zamani ilikuwaje", atakujibu "ilikuwa nzuri" mkaishia hapo. Mpe kitu mkononi. Mimi nilimwuliza baba mdogo miaka mingi bila kupata lolote, mpaka siku nilipomletea nyundo yake kutoka stoo. Aliishika, akaipima uzito, akagonga sakafu mara moja, akasikiliza. Halafu akaanza kuyataja magengi kwa namba, kutoka Tabora kurudi mashariki, na jina la mnyapara wa kila gengi. Simu yangu ilinasa saa moja na dakika 40 kabla chaji haijaisha.