Walitoboa vidole vya watoto wetu, faida iko wapi?

SWALI: Mama Tabibu, shikamoo. Kijijini kwetu, wilaya ya Muheza, walikuja watafiti wa malaria. Mwanangu alikuwa na homa. Wakampima, wakampa dawa mseto. Kisha wakawa wanarudi kumtoboa kidole na kudondoshea damu kwenye karatasi, hata alipokwisha kupona. Wakaondoka, hatujasikia neno. Zahanati yetu mara nyingi haina hata panadol. Kwa nini serikali isinunue dawa kwa fedha hizo?
Baba Mwanaidi

JIBU: Marahaba, Baba Mwanaidi. Kuna jambo moja katika barua yako ambalo nakuunga mkono kabisa, nitalifikia. Lakini hiyo dawa mseto aliyopewa mwanao ilifika zahanati kwa sababu ya matone ya damu kama yale.

Nilifanya kazi wodi ya watoto mkoani Tanga enzi za klorokwini, dawa ya malaria ya wakati ule. Wa umri wangu wanaukumbuka uchungu wake, na ule muwasho wa mwili mzima. Kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini, mtoto alimaliza dozi, homa ikatulia, na baada ya wiki mbili mama yake akarudi naye mgongoni, viganja vyeupe kwa kupungukiwa damu. Wengine waliletwa wakiwa na degedege. Akina mama wakasemwa kwamba hawakuwapa watoto dawa sawasawa. Kwa nini wasingiziwe wakati vidonge walivihesabu mbele yetu? Vimelea vya malaria ndivyo vilivyokuwa vimeshaizoea dawa.

Watafiti ndio waliothibitisha. Waliwafuatilia watoto katika vituo vya mikoa mbalimbali, wakaonyesha kwamba klorokwini imeshindwa, na mwaka 2001 serikali ikaiondoa, ikaweka SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini. Ufuatiliaji ule ule ukaonyesha SP nayo inazidiwa. Mwishoni mwa 2006 tukapokea dawa mseto. Sijui mfanyabiashara ambaye angetoa fedha zake kuthibitisha kwamba kidonge anachokiuza hakifai. Kazi hiyo ni ya umma, ndiyo maana tangu 1979 tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Umeuliza kwa nini walimtoboa mtoto aliyekwisha pona. Homa hushuka kabla vimelea havijaisha, kwa hiyo mtoto huangaliwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi siku 28. Vimelea vikionekana tena, damu ile ya kwenye karatasi hupimwa vinasaba ili ijulikane kama ni vile vya mwanzo vilivyonusurika au mbu mwingine amemuuma. Bila karatasi ile tungeilaumu dawa bure, au tungeisifu bure.

Hata artemisinini, dawa ambayo ndiyo asili ya mseto huo, ilizaliwa kwa fedha za serikali. Mwaka 1967 Uchina ilianzisha kwa siri Mradi 523, kwa sababu malaria ilikuwa inawamaliza wanajeshi wa Vietnam Kaskazini. Mama mmoja, Tu Youyou, alipekua vitabu vya tiba vya kale akakuta maelekezo ya kuloweka mmea mmoja, jamii moja na pakanga, kwenye maji na kuukamua. Kuchemsha hakukutajwa. Akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wenyewe ili wajue kama ni salama. Muundo wake ulichapishwa 1977, dunia nzima ikausoma. Tuzo ya Nobel alipewa 2015, na mimi nilifurahi siku hiyo kama aliyepewa ni dada yangu.

Kazi haijaisha. Huko Kagera watafiti wetu wamegundua vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba vinavyochelewa kufa kwa dawa hii. Mseto bado unaponya, kwa kuwa ndani yake zimo dawa mbili zinazosaidiana. Tukiacha kutoboa vidole, habari ya kushindwa kwake tutaipata wodini, na mimi sitaki tena kuipata kwa njia hiyo.

Kuhusu panadol, mbaneni diwani wenu na kamati ya zahanati; hilo ni deni lao na wala halifutwi na utafiti.

Na pale nilipokuunga mkono: kuondoka bila kurudisha majibu si haki. Kabla mtoto hajaingizwa mlitia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Itafute nakala yako. Humo mna namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, iliyo chini ya NIMR. Mwombe mwenyekiti awaalike watafiti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, waeleze kwa Kiswahili chepesi watoto wangapi walifuatiliwa, wangapi walikutwa na vimelea tena, na dawa ilionekanaje. Wasipojibu simu, kituo cha NIMR cha Amani kiko huko huko Muheza; nendeni na fomu mkononi.