Mimba ya kwanza: nijifungulie nyumbani au hospitali?

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza, na nina mimba ya kwanza ya miezi minane. Kwa kuwa sina presha wala kisukari na mtoto ametanguliza kichwa, mkunga wa kliniki ameniambia naweza kujifungulia nyumbani. Nimevutiwa, maana naogopa sana upasuaji na kuongezewa njia. Mama yangu, aliyeko Tanga, hataki hata kulisikia jambo hilo. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, hofu ya mama ina msingi, ila nadhani anamfikiria mkunga wa jadi asiye na dawa wala gari la kumkimbiza mzazi hospitali. Mkunga atakayekuja kwako amesomea kazi hiyo, hubeba dawa ya kuzuia damu na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, na kwa kawaida mtoto anapokaribia kutoka huwapo wakunga wawili.

Nawe hukukosea kuhusu upasuaji. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2011, uliofuatilia uzazi wa wanawake zaidi ya 64,000 wasio na matatizo ya ujauzito, ulionyesha kwamba kati ya waliopanga kuzalia wodi ya madaktari, takriban 11 katika kila 100 walipasuliwa na 19 waliongezewa njia, ilhali kwa waliopanga kuzalia nyumbani, wakiwamo waliohamishiwa hospitali uchungu ukiwa umeanza, idadi hizo zilikuwa 3 na 5. Nyumbani mkunga hahudumii mzazi mwingine kwa wakati huo, na moyo wa mtoto husikilizwa kila baada ya muda bila mama kufungwa mikanda ya mashine inayomzuia kutembea.

Hata hivyo, wewe ni mzazi wa mara ya kwanza, na hapo ndipo ninapokuomba utulie. Kwa wenye uzazi wa pili na kuendelea, watoto hawakuwa katika hatari zaidi nyumbani. Kwa wazazi wa kwanza, madhara makubwa kwa mtoto, kikiwamo kifo, yalitokea kwa takriban 9 katika kila 1,000 nyumbani, dhidi ya 5 katika wodi ya madaktari. Tena, 45 kati ya kila wazazi wa kwanza 100 waliopanga kuzalia nyumbani walihamishiwa hospitali, sababu ya kawaida zaidi ikiwa ni uchungu kutoendelea. Safari hiyo ya katikati ya uchungu si jambo dogo.

Ningekuwa dada yako wa tumbo moja, ningekushauri umuulize mkunga wako kama kuna kituo cha uzazi kinachoendeshwa na wakunga ndani ya eneo la hospitali. Katika vituo hivyo upasuaji na kuongezewa njia vilikuwa vichache kuliko wodini, na watoto wa wazazi wa kwanza hawakupata madhara zaidi. Presha ikipanda, mtoto akigeuka au ukitokwa na damu kabla ya siku ya kujifungua, mpango huo uachwe, uzalie wodi ya madaktari.