Ukienda kongamano la usalama wa mtandao, omba kazi ya kufanya

Mara yangu ya kwanza kuhudhuria kongamano la usalama wa mtandao linaloandaliwa na wadau wenyewe hapa Dar, nilikaa kiti cha nyuma. Nikasikiliza mada zote, nikajaza daftari, nikapanda daladala kurudi Mbagala bila kujua jina la mtu hata mmoja.

Mwaka uliofuata niliomba kujitolea, nikapangwa mapokezi kuhakiki majina na kugawa beji. Ukikaa pale kila mtu anapita mikononi mwako, mtoa mada na mwanafunzi wa chuo. Mchana mkikutana kwenye foleni ya pilau mnaongea kama mnaojuana. Kwa hiyo waandikie waandaaji mapema, uombe kazi yoyote. Wengi wao hawalipwi, na mikono haiwatoshi.

Kuwa na mada pia inawezekana, hata kama hujawahi kushika maikrofoni. BSides, makongamano ya aina hii yanayoandaliwa na wadau wenyewe, ya kwanza ikiwa Las Vegas mwaka 2009, ilianza kwa sababu mada nyingi nzuri zilikosa nafasi kwenye mkutano mkubwa wa Black Hat. Mada iliyonikaa zaidi kichwani niliisikia kwa dada mmoja, wakala wa pesa za simu. Alisimulia jinsi tapeli alivyompigia saa za msongamano akijifanya mtu wa huduma kwa wateja, akamwelekeza abonyeze nyota, kisha namba hii, kisha ile, huku wateja dirishani wakimharakisha. Sisi wote tumeshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini wengi hatukuwahi kufikiria presha anayokuwa nayo wakala.

Usikose meza ya mashindano ya kutafuta bendera, yaani maneno ya siri yaliyofichwa ndani ya mifumo ya mazoezi. Mimi nilikwama saa nzima kwenye tovuti ya duka la kuigiza, hadi kijana wa pembeni akaniambia, "Kaka, angalia anwani juu hapo." Anwani ya ukurasa wa risiti yangu iliishia na 118. Nikafuta, nikaandika 117, ikafunguka risiti ya mtu mwingine. Seva ilikagua kama nimeingia kwa nenosiri langu, haikukagua kama risiti ile ni yangu. Tangu siku ile, kila ninapoandika programu kazini, huo ukaguzi wa pili nauweka kwanza.

Ukitaka kushiriki, pakua Kali Linux, mfumo wa kompyuta wenye zana za kupima usalama, nyumbani kabisa. Ni gigabaiti kadhaa, itakumalizia bando ukumbini. Beba na ekstensheni, maana soketi huwa za kugombania.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Ukitoka pale mikono inawasha. Rafiki yangu alijaribu mchezo uleule wa kubadili namba kwenye mfumo wa mahali alipokuwa akilipia ada, akaitwa kujieleza mbele ya wakubwa na mzazi wake. Hakuiba kitu, lakini Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu kuingia kwenyewe bila ruhusa, si wizi. Fanyia mazoezi kwenye mifumo iliyotengwa kwa mazoezi tu. Ukikutana na kasoro kwa bahati mbaya kwenye mfumo halisi, ishia hapo hapo, usifungue hata ukurasa mmoja zaidi. Andika hatua ulizopitia, uwapelekee wenye mfumo. Wakikaa kimya, wapelekee TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, walio chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.