EEG haipigi mtoto shoti
Dadangu wa Kondele, umeuliza kama hiyo EEG, kile kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo, itampiga mtoto shoti, hapana, mashine haitumi stima yoyote kwa kichwa, inanasa tu ile kidogo sana ubongo hutoa wenyewe, wanabandika vidude kama 20 hivi na jeli halafu mistari inachoreka kwa kompyuta. Mtu mzima akifunga macho mawimbi ya nyuma ya kichwa hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde, akilala fofofo yanashuka chini ya 4. Kifafa huonekana kama ncha kali za ghafla. Lakini tafadhali shika hii, EEG ikitoka safi haimaanishi hana kifafa, usimwachishe dawa bila daktari. Na umwoshe nywele kabla ya kipimo, usimpake mafuta.